Gesi za Nyumba ya Mama Mkwe

Aibu hii bado inaniwasha masikio nikikutana na mtu wa kijijini kwetu Mamba aliyekuwepo siku ile, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe kabla wengine hawajawaeleza wakatia chumvi.

Alikuja mtaalamu wa Kizungu kwenye mkutano wa kijiji na michoro yake ya rangi, akataka mtu wa kutafsiri, nami nikanyoosha mkono, mwanangu Neema mgongoni (nimefika kidato cha nne, nani mwingine?). Alikuwa anaeleza kwamba wamepiga hesabu kwenye kompyuta kukisia dunia ikipunguza gesi fulani, mambo mengine nayo yatabadilikaje: hewa, mvua, mito, mashamba, mpaka dagaa wa ziwani kule Ikola. Jina la Kiingereza la gesi zenyewe sikulielewa, ila kila neno peke yake nililijua, nikaona haya kuuliza, nikatangaza kwa sauti: "Gesi za nyumba ya kijani!"

Sasa jamani, pale kwetu nyumba iliyopakwa rangi ya kijani ilikuwa moja tu, ya mama mkwe wangu, na mwenyewe amekaa pale mbele.

Mimi sina habari, naendelea kama redio: gesi za nyumba ya kijani zikipungua, watoto wataacha kukohoa, mvua itarudi kwenye majira yake, mpunga utakubali. Mara jirani mmoja wa mama mkwe, mwanamume mwenye mdomo mchafu, akasimama: "Mmesikia nyie? Mpaka Wazungu wamemwona! Mvua yetu kaifungia huyu bibi!"

"Na macho yake mekundu si mnayaona?" mwingine akadakia.

Mekundu kwa moshi wa kuni, wapumbavu wakubwa! Miaka ile bibi akishatajwa mchawi hivyo mbele ya watu, anaweza asiamke kesho. Nilitaka kumrukia yule jirani, lakini aliyemponza mama wa watu ni mimi.

Mama mkwe akainuka taratibu, akakaza khanga. "Gesi ninayo, sikatai, jana nimekula maharage." Watu wakaangua kicheko. "Ila mvua siwezi kuifunga. Mama Neema, hebu muulize mgeni, hiyo nyumba iko wapi?"

Nikauliza. Kumbe ni banda la kioo huko kwao kwenye baridi, wanaoteshea mboga, joto likiingia halitoki, na gesi hizo zinaifanyia dunia vivyo hivyo: za magari, za viwanda, za misitu inayochomwa. Nikayasema yote huku nalia, nikaongeza yangu: "Nimekosea mimi. Mama hahusiki!" Jirani akakaa, radhi hakuomba, na mimi simsamehe.

Njiani kurudi nikampigia mama magoti.

"Inuka, utamwangusha mtoto," mama akasema, akamtoa mgongoni mwangu, akambeba mwenyewe mpaka nyumbani. Angeweza kumwambia mwanawe anirudishe kwetu, na hakumwambia.

Siku hizi neno nisilolijua nasema silijui, acha wacheke. Na kila asubuhi nikimsikia mama anafagia uwanja, namshukuru Mungu kwamba bado anafagia.