Ufanye Nini Kwanza

Iko siku moja, mwanangu Kabula, ambayo hunirudia kila nikipita Buswelu, hata nikiwa na mawazo mengine. Ilikuwa Jumamosi jioni, jua limeinamia upande wa ziwa, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika kikao cha harusi, simu mkononi, nikijiona mwanamume wa maana. Wakati huo nilikuwa nimeshafeli mara moja mtihani huu huu unaokutoa machozi wewe.

Nakuandikia leo kwa sababu kesho asubuhi unaufanya tena. Mara ya kwanza ulifeli. Mara ya pili hata kufeli hukufeli, uliondolewa, maana shangazi yako aliingia chumbani na kikombe cha uji akikuuliza umeamkaje, na yule msimamizi anayekutazama kupitia kamera ya kompyuta akaona mtu wa pili, akaufunga mtihani. Shangazi mpaka leo anauliza ni mtihani gani huo unaomkataza mtoto kunywa uji. Umeniambia kwamba kesho ukishindwa utaacha kabisa, utabaki na kazi yako ya kuandika ripoti za miradi ya watu wengine. Hilo ni lako kuamua. Mimi nataka tu uingie ukijua ugumu wake uko wapi, kwa kuwa wengi wanautafuta mahali usipokuwepo.

Nilikuwa mhandisi kijana katika kampuni ndogo ya ujenzi hapa Mwanza. Tulikuwa tumepata kazi ya kujenga mwalo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, ng'ambo, upande wa Busisi. Leo unavuka darajani ukiwa bado hujamaliza mazungumzo uliyoyaanzia Kigongo. Siku zile ulikaa kwenye foleni ya kivuko ukinunua mahindi ya kuchoma na kuyajua maisha ya kila aliyekaa jirani yako. Mteja alitaka msimamizi wa mradi awe na cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Mkurugenzi akaniita, akanena bila kuzunguka.

"Masanja, kazi hii naiona ni yako. Lakini ukikosa hicho cheti nitaleta mtu kutoka Dar, na wewe utakuwa chini yake."

Nilizaliwa karibu na maji yale. Sikutaka mgeni aje kuniongoza kwenye mchanga niliouchezea utotoni.

Basi nikasoma. Vitabu vile nikavimeza, maneno yake nikawa nayatamka hata nikioga. Nikaenda Dar es Salaam, kwa kuwa mtihani ulifanyiwa huko, na nikafeli. Kufeli kwenyewe hakukunishangaza kama hili: niliinuka kitini nikiwa na hakika nimefaulu. Karibu kila swali lilinikumbusha jambo nililowahi kulipitia kazini. Fundi amegoma, mteja amebadili mawazo, saruji imechelewa njiani. Yote hayo nilikuwa nimeyamaliza kwa mikono yangu, na mikono yangu haikuwa na aibu yoyote. Kisha kioo cha kompyuta kikaniambia hapana. Nikarudi na basi nikitazama nje safari nzima, nikijiambia kwamba kilichoniangusha ni Kiingereza.

Aliyekataa maneno hayo ni Mama Nyanzala. Alikuwa mhandisi mstaafu wa miradi ya maji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa na cheti hicho kabla yetu sote. Jumamosi asubuhi alitufundisha vijana sebuleni kwake Buswelu, miguu yetu ikigongana chini ya meza ya kahawa.

"Kiingereza kinakuchelewesha tu," aliniambia. "Kama kingekuwa ndicho kinachoangusha watu, Waingereza wangefaulu wote. Nao wanafeli vizuri tu."

"Sasa tatizo langu ni nini, mayu?" Hivyo ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama wa heshima.

"Sijajua bado. Ngoja nikutazame."

Nafasi ya kunitazama aliipata jioni ya siku hiyo hiyo. Binamu yangu Maduhu alikuwa anamwoa binti wa Ukerewe, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, na Mama Nyanzala, kwa ujirani, alikuwa mjumbe. Unazijua kamati zetu. Kuna watu wa chakula, wa usafiri, wa mapambo, kila kundi na kiongozi wake, na mwenyekiti juu yao. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye wakubwa wengi na subira kidogo. Mtu akitaka kuona jinsi tunavyoendesha miradi huku kwetu, asihangaike na ofisi, aombe kukaa kwenye kikao cha harusi.

Mjumbe wa upande wa bibi harusi akasimama, akasema wageni kutoka Ukerewe wameongezeka, sasa wanatosha kujaza basi. Kabla hajakaa, nami nimeshapiga simu. "Niachieni mimi," nikasema. Nikampata mpishi, nikamwambia aongeze masufuria. Nikampata mwenye maturubai, nikamwambia alete lingine. Wajumbe wakapiga makofi.

"Mwenyekiti ndiyo huyu! Wengine wangeomba wiki nzima ya kufikiria!"

Kiongozi wa chakula alikuwa Ng'washi, dada wa Maduhu. Alifungua mdomo, akaniona nimerudisha simu sikioni, akaufunga.

Kikao kilipoisha Mama Nyanzala alikuwa amesimama getini, khanga begani, akinisubiri.

"Sasa nimejua unavyofeli," akasema.

"Nimekosea wapi, mayu?"

"Yule kijana amesema wageni wameongezeka. Ulimwuliza wanakuja kufanya nini?"

"Mgeni wa harusi anakuja kula."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Hao wanakuja kanisani, wanapiga vigelegele vyao, wanawahi meli ya kurudi mchana. Chakula chako cha jioni hawatakiona. Ng'washi analijua hilo tangu juzi. Ulimpa nafasi ya kusema?"

Kwa mbali ng'ombe wa mtu walikuwa wanarudi zizini, vumbi lao likiwa jekundu.

"Sikiliza swali," akaendelea. "Mradi unakwenda, mdau mmoja anadai kitu kipya. Ufanye nini kwanza? Jibu la kwanza, kitekeleze. La pili, kikatae. La tatu, mpelekee mkubwa wako aamue. La nne, chunguza kitagusa nini na nini. Unachagua lipi?"

"Inategemea huyo mdau ni nani."

"Ehee! Hapo ndipo mnapodondokea." Alinigusa kifua kwa kidole, akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Kwenye ule mtihani mdau hana jina, ng'wanawane. Siyo diwani, siyo katekista, siyo mjomba wako. Sisi tumelelewa kumtazama mtu kwanza, jambo baadaye. Mtu akiwa mkubwa, tunatekeleza mbio. Akiwa mdogo, tunamwambia angoje. Tukiogopa, tunapeleka kwa wazee. Wale wenye mtihani wamemwondoa mtu, wamekuachia jambo peke yake, na wewe hujazoea kulitazama jambo likiwa peke yake. Unatafuta uso wa kushika, huupati, unaokota jibu lolote linalofanana na lile ulilolifanya mwaka juzi."

"Lakini nililofanya mwaka juzi lilifaa."

"Nani amekataa? Majibu yote manne ni mambo ambayo mtu mwenye akili hufanya. Hakuna la kijinga la kutupa pembeni. Hawakuulizi lipi linafaa. Wanakuuliza lipi linatangulia. Na maswali ni mengi, na saa ni ndefu. Ukichoka, mkono unarudi kwenye mazoea. Asiye na uzoefu anafeli akijua kwamba hajui. Ninyi wazoefu mnafeli mkitabasamu."

Nilimwuliza, kwa hasira ambayo nadhani aliiona, kama basi miaka yangu ya kazi ilikuwa bure.

"Siyo bure. Iache mlangoni kama viatu. Ukitoka utavikuta."

Nilikwenda nyumbani nimeudhika. Maneno ya kweli hayaji na utamu siku zote, na nisingependa nikudanganye kwamba niliyashukuru usiku ule.

Jumamosi iliyofuata tulikutana tena. Nikamwomba Ng'washi radhi, akasema yamekwisha, mpishi ameshaambiwa. Kisha mjumbe mmoja akasimama na habari mpya: mjomba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa Kisesa, hataki muziki wa disko, anataka ngoma ya asili. Macho yote yakanigeukia. Mjomba ni mjomba. Kwa desturi yangu ningeshampigia mwenye disko nikavunja mapatano kabla maji hayajachemka.

Niliilaza simu pajani, kioo chini. Nikasema, "Mjomba alisema nini hasa?"

Mtu akakohoa. Yule mjumbe akasema hakumsikia mwenyewe, ameambiwa.

"Nani alikuwepo?" nikauliza, kisha nikanyamaza tena. Mwanangu, nimesimamia kuta za zege zinazozuia mawimbi ya ziwa, lakini sijawahi kufanya kazi nzito kama kunyamaza kile kitambo.

"Mwenyekiti leo ana malaria?" sauti ya nyuma ikauliza.

"Simu yake imeisha chaji!" mwingine akajibu, wakaangua kicheko, hata Mama Nyanzala akajifunika mdomo kwa khanga.

Kicheko kilipotulia ndipo Ng'washi aliposema. Yeye alikuwepo. Mzee hakuwa na ugomvi na disko. Alitaka bibi harusi aingie kwa ngoma, kama walivyoingia wake wa ukoo wote, halafu vijana wafanye yao mpaka watakapochoka. Tukaangalia linagusa nini: mlango wa ukumbi, mshereheshaji, na dakika chache za mwanzo. Likaisha hapo hapo, na disko likabaki.

Nilipotoka Mama Nyanzala hakunisifu. Alisema tu, "Kaombe tarehe ya mtihani."

Nikaenda Dar kwa mara ya pili. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na kila mtu ametazama kioo chake kama anayechungulia kisima. Maswali yalikuwa yale yale. Kila nilipolisoma moja, uso wa mtu ninayemjua ulijitokeza: mkurugenzi wangu, fundi wangu mkaidi, yule mjomba wa Kisesa. Nikawa nawaomba watoke nje mmoja mmoja, kwa heshima, ndipo nilisome tena swali likiwa tupu. Kuelekea mwisho nilichoka, na mara kadhaa niliukamata mkono wangu njiani ukielekea kwenye "niachieni mimi". Nikaurudisha. Kioo kikasema nimefaulu. Sikupiga kelele. Nilitoka nje kwenye joto, nikampigia mkurugenzi, naye akajibu kwa neno moja.

"Vuka."

Nikavuka kwenda Busisi. Na hapa, mwanangu, ndipo pana sehemu ambayo vitabu vyako havitakwambia. Asubuhi ya kwanza mzee mmoja mvuvi alikuja amefura, akisema uzio wetu umemfungia njia ya kufikia mitumbwi yake. Kwa mujibu wa mtihani nilipaswa kuchunguza jambo. Nililichunguza, ndiyo. Lakini kwanza nilimpa shikamoo, nikamtafutia kiti, nikamwuliza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Kumbe aliwahi kuvua na babu yangu. Ramani tuliifungua baadaye, tukiwa tayari tunataniana, na uzio ukasogezwa mahali ambapo yeye mwenyewe alipaonyesha. Viatu vyangu nilivikuta mlangoni, kama nilivyoahidiwa.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Mtihani ule ni mgumu kwa sababu unakutaka uwe mtu mwingine kwa saa chache, na wewe umetumia miaka mingi kuwa mtu huyu. Usiudharau kwa kuwa haufanani na kazi yako, wala usiidharau kazi yako kwa kuwa haifanani nao. Soma swali mpaka nukta yake. Ukimwona ndani yake mtu unayemfahamu, mtoe. Ukilipenda jibu kabla hujayasoma yaliyobaki, rudi nyuma, maana hilo ni zoea linaloongea. Usikimbilie kutenda, usikimbilie kushtaki kwa mkubwa, tazama kwanza. Na ukifaulu, ukarudi kwa watu wenye majina na baba zao, vaa viatu vyako.

Mungu akupe utulivu wa kusoma na nguvu ya kumaliza. Akufungulie kesho yako kama alivyonifungulia mimi yangu, na hata akichelewesha, asiuondoe moyo wako kwenye kazi unayoipenda.

Kuhusu shangazi, usiwe na wasiwasi. Kesho nitafika kwenu Buswelu kabla hujaketi mbele ya kompyuta, nitaweka kiti getini. Atakuja tu, na kikombe chake mkononi, kwa kuwa anakupenda na hajui njia nyingine ya kulisema hilo. Yeye ni dada yangu mkubwa, siwezi kumzuia kama askari. Nimeshalitazama jambo hilo kutoka kila upande, na najua nitakachofanya kwanza. Nitasimama, nitampa shikamoo yake, nitamwomba akae nami tuongee habari za nyumbani, na uji huo nitaunywa mimi, polepole, mpaka utakapofungua mlango.