Kitu Kilichoamka kwa Mama

Siku tuliyomaliza kilio cha kaka yangu wa tatu, niliogopa kuliko siku aliyokufa. Kwetu Kamina, mama akizika mume, watu humlilia. Akizika mume na wana watatu, naye bado anabeba kikapu cha mihogo kutoka shambani, wanaanza kunong'ona.

Mama alikuwa amepita themanini. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliita ukoo wote chini ya turubai la kilio. Hakuzunguka: "Banaume bote banakufa, yeye iko tu. Nani anakula miaka yabo?" Jirani yetu, mjane kama mama, alifukuzwa kwa maneno hayohayo na nyumba yake ikachomwa.

Lakini mimi mwalimu wa biolojia bwana, mdomo haunikai! Nikasimama. Nikawaeleza kwamba mwilini kuna nyuzi ndogo za urithi, na mmoja unaitwa X. Mwanaume ana X moja tu. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, na katika kila chembe ya mwili wake, moja kati ya hizo mbili hulazwa usingizi tangu tumboni mwa mama yake. Pengine ndiyo maana wanawake wengi huwazika waume zao. Nikajiona nimewaweza, nikaongeza: "Tena wataalamu wameona kwa panya: uzeeni ile iliyolala huamka kidogo, inasaidia ubongo. Labda hata kwa mama imeamka."

Baba mdogo akainuka, akawageukia watu.

"Mumesikia?" akasema taratibu. "Mwalimu mwenyewe amesema. Iko na kitu ndani. Ililala, sasa imeamuka."

Shangazi akamnyakua mwanangu wa miezi minane kutoka mapajani mwa mama. Nilipiga kelele, nikachora mavumbini, nikaapa kwa Bikira Maria kwamba hata shangazi anayo. Nani asikie? Kwetu kila mtu anajua kuwa mulozi, yaani mchawi, huzaliwa na kitu chake tumboni, kimelala. Nilikulia hapohapo, nikasahau, mjinga mimi! Ulimi wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mama.

Kabla jua halijatua tulipanda pikipiki, mama katikati, mtoto mgongoni kwangu, mpaka nyumbani kwangu kambini, maana mume wangu ni mwanajeshi. Njia nzima nilikuwa nikigeuka nyuma. Tulipopita geti nikashusha pumzi.

Nikampa mama mtoto ili nisonge bukari, ugali wetu. Akarudisha mikono nyuma.

"Mutoto yangu," akasema, "ile kitu yenye ulisema iko naamuka ndani yangu, ndiyo ilikula batoto yangu?"

Nilisema hapana, mama, hapana, huku nalia.

Sasa ni wiki ya sita. Hakuna mtu wa ukoo aliyetufuata. Mama anapalilia bustani yangu, anakula kidogo. Na mwanangu akitambaa kumfuata, anakimbia. Bibi wa miaka themanini na kitu, anamkimbia mjukuu wake.