Kura ya Mfereji

Mimi ni mtu wa demokrasia ya kijamii. Nasema hivyo hata msibani, nikipewa nafasi. Naamini maji, shule na dawa ni vya wote, na mwenye nacho achangie zaidi. Nimefundisha uraia maisha yangu yote, na tangu nistaafu huku juu ya Tengeru nayahubiri hayohayo kwa migomba yangu, ambayo haijawahi kunibishia.

Mwaka jana mfereji wetu ulianza kufa. Unashuka kutoka mlimani, unapita shamba kwa shamba, na sharti lake ni moja: kila mwezi kila nyumba itoe mtu wa kuuzibua. Wenye uwezo walishachimba visima vyao, wakaacha kuja. Tope likajaa. Bibi mmoja mjane, jirani yangu wa chini, mboga zake zikaanza kukauka. Iliniuma kweli, nikatangaza kugombea uenyekiti wa kamati.

Sitaficha: kisima ninacho. Wanangu walisoma shule za kulipia. Na siku ya kuzibua nilikuwa natuma kibarua, mtu mzima kutoka Ngaramtoni, kwa sababu ya maumivu ya mgongo ambayo daktari hajawahi kuyasikia.

Siku ya uchaguzi nilihutubia karibu saa nzima. Nikawapeleka wanakijiji hadi Sweden na kuwarudisha. Nikaeleza jinsi wenye nafasi wanavyojitoa kwenye huduma za wote na kuziacha zioze. Nilijifurahisha mwenyewe mpaka machozi yakanilenga. Yule bibi akanyoosha mkono.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Umesema vizuri. Sasa beleshi lako liko wapi?"

Watu walicheka sana. Nami nikacheka, nikidhani wananipenda.

Mpinzani wangu, muuza mbolea, alizungumza dakika mbili tu. Aliahidi pampu kwa kila nyumba. Itavuta maji gani, hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Kwetu kura hupigwa kwa kusimama nyuma ya mgombea. Mstari wa muuza mbolea ulifika barabarani, na bibi alikuwa wa tatu, ameangalia pembeni. Mke wangu alishaniambia asubuhi kwamba ana nguo za kufua. Nilisimama wima, nikitazama mbele kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa, huku aibu ikinichoma masikio.

Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa kibarua wangu, miguu imejaa tope la mfereji mpaka magotini. Hakuna aliyemzuia, wote walimjua kwa kazi yake. Nilitaka kumkumbatia. Mtu mmoja, nikawaza, mtu mmoja amenielewa.

Akanisogelea sikioni.

"Samahani, bosi. Na hii ya leo tunaihesabu kama siku ya kazi?"

"Ndiyo," nikamnong'oneza. "Ila usiondoke kwanza."