Mbegu ya Mama Yangu na Mbegu ya Londiani

Sifa zote ni za Mungu, aliyeuficha uhai ndani ya mbegu kavu na kumpa mwanadamu subira ya kuungoja. Kwa rehema zake nimefika umri huu, na haya nayaandika kwa shukrani.

Nilipoolewa hapa Boito, mama yangu alinipa mbegu za vibuyu vya maziwa. Vibuyu vyake vilikuwa na shingo ndefu iliyopinda kidogo, na maziwa yaliyolala ndani yake yalikaa muda mrefu bila kuharibika. Mama alifariki zamani. Picha yake sina. Kilichobaki kwake duniani ni mbegu hiyo.

Desturi yetu ilikuwa kuchagua kibuyu kimoja kizuri na kutoa mbegu humo, mwaka baada ya mwaka. Zamani majirani nao walikuwa na vibuyu vyao, na wadudu walibeba unga wa maua kutoka shamba hadi shamba bila kutuuliza. Siku hizi chai imefika hadi mlangoni, maziwa yanawekwa kwenye mitungi ya plastiki, na vibuyu vimebaki kwangu peke yangu. Kila msimu mimea ilitambaa kwa unyonge zaidi, na matunda yakaanguka yangali madogo kama kidole. Niliogopa kwamba mbegu ya mama ingeishia mikononi mwangu.

Nikamweleza mke wa mwanangu, aliyesomea kilimo chuoni. Kwao ni Londiani.

“Mama, hii imechoka kwa sababu inaoana na ndugu zake,” akasema. “Tuitafutie bwana kutoka mbali.”

“Bwana wa wapi?”

“Kwetu. Mama yangu ana vibuyu vinene kweli.”

“Vinene kama watu wa kwenu.”

Akacheka. “Ndiyo maana mwanao alinifuata mpaka kule.”

Tukapanda mbegu zote mbili. Ua la kibuyu ni jeupe na hufunguka jioni. Mchana mke wa mwanangu aliyafunga kwa uzi maua yaliyokaribia kufunguka, ili wadudu wasitangulie. Jioni alichuma ua dume la Londiani, akapaka unga wake ndani ya ua jike la kwangu, kisha akalifunga tena. Jirani yangu wa miaka mingi alikuwa amesimama kwenye uzio wa shamba akitutazama.

“Leo kuna harusi?” akauliza.

“Ipo.”

“Na mchungaji yuko wapi?”

“Ni huyu mwenye uzi.”

“Na mahari je? Au wameamua tu kukaa pamoja?”

Kibuyu kilichotokea kilikuwa na shingo ya mama kabisa, nikadhani hakuna lililobadilika. Badiliko lilikuwa ndani ya mbegu. Msimu uliofuata tulipozipanda, mimea ilifunika uzio, ikaparamia zizi la ng'ombe, ikazaa hata tukaitafutia miti ya kuegemea. Vibuyu vilifanana kama mapacha, vikubwa kuliko vya mama, vikubwa hata kuliko vya Londiani. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Shingo tu ndiyo ilikuwa fupi na nene. Nikajiambia, basi, mradi damu yake imo.

Kisha nikafanya kama tulivyofanya siku zote. Nilichagua kibuyu bora, nikatoa mbegu, nikapanda shamba lote. Mke wa mwanangu alikuwa amejifungua siku hizo, nami sikutaka kumsumbua kwa maswali. Kila mmea ukaja na sura yake: huu vibuyu bapa visivyosimama, ule vidogo kama mayai, mwingine majani matupu. Alipokuja shambani na mtoto mgongoni, alipita mmea hadi mmea akivigeuza vibuyu.

“Mama, ile nguvu ni ya kizazi cha kwanza,” akasema taratibu. “Ukitoa mbegu humo, inatawanyika. Tukitaka vibuyu vile, lazima tuwaozeshe upya wale wazee wawili kila mara. Za mama yako zimebaki?”

Swali hilo lilinikata maini. Za Londiani zilikuwa tele kwao. Zangu zilikuwa chache, zimekaa darini juu ya moshi wa jiko miaka kadhaa, na nilikuwa nimekaribia kuzitupa.

Nilizipanda nikiomba. Nyingi zilioza. Miche michache ikachomoza, myembamba, na mchana mmoja mvua ya mawe ikashuka. Mke wa mwanangu aliniachia mtoto, akakimbia, akaifunika kwa vikapu vya kuchumia chai, akasimama hapo akipigwa mgongoni mpaka ilipopita. Majani ya chai yalichanika kote. Mimea ile ikapona.

Ilipotoa maua, mengine tuliyapa unga wa ndugu zao, ili mbegu ya mama ibaki ilivyo. Mengine tuliyapa unga wa Londiani. Hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo, na kwa kuwa mikono yangu inatetemeka, yeye ndiye anayefunga uzi. Kona ya shamba yenye mbegu ya mama yangu inazaa kidogo, nasi hatuidai zaidi. Pasipo unyonge huo, zile nguvu nyingine hatuzipati.

Nawe unayesoma, Bwana akutunzie ulichoachiwa na waliokutangulia, hata kama ni kidogo na kimechoka. Akupe mtu wa kukifunika siku ya mawe, na amani nyumbani mwako. Amina.