Kipa kwa Meneja

Ligi ikishaisha, ndipo watu wa Misugusugu tunapoanza kucheza. Msimu wenyewe ni kazi ya vijana uwanjani, lakini miezi ya mapumziko ni yetu sisi wa kijiweni. Kijiwe chetu kipo kwa fundi matairi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori husimama kujazwa upepo na sisi tunakalia matairi yaliyokwisha kazi. Nina kibanda cha kutoa kopi mlango wa pili, kwa hiyo hata siku ambazo sina hamu ya kusikiliza, nasikia.

Pale husajiliwa wachezaji ambao wenyewe hawana habari. Winga wa Kongowe analetwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri ameshaachwa kwa sababu mtu amekumbuka penalti aliyoipaisha. Beki wetu wa kulia ameuzwa Mlandizi mara nyingi sana, na kila jioni anapita mbele yetu na baiskeli yake, anasalimia, anakwenda zake nyumbani.

Mwaka ule mjadala ulibadilika, kwa sababu timu ya Kisarawe ilipotuma ujumbe haikutaka mchezaji. Ilimtaka meneja wetu.

Meneja wetu alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na timu tangu ilipokuwa inachezea mpira wa makaratasi. Ndiye aliyetafuta mechi, ndiye aliyejua jezi zipo kwa nani, ndiye aliyewatoa vijana polisi walipopigana na mashabiki wa wageni. Na alikuwa na desturi moja. Mchezaji mpya akitakiwa, hakuanza na mchezaji wala na timu yake. Alinunua kilo mbili za sukari, akajitanda mtandio vizuri, akaenda kwa mama wa huyo mchezaji. Sisi tulimcheka. "Meneja kaenda kuposa," tulisema. Akirudi alikuwa amempata, nasi tuliendelea kubishana kama ni sisi tuliomsajili.

Sababu yake ya kutaka kuhama haikuwa siri. Baba yake alikuwa anaishi peke yake Kisarawe, macho yamefifia, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwa mtu yeyote. Tena timu ya kule ilimwahidi jambo ambalo sisi tulimwahidi kila mwaka tukalisahau: kuanzisha timu ya wasichana. Lakini timu za kwetu zina makubaliano ya siku nyingi, yaliyotokana na ugomvi wa siku nyingi, kwamba kiongozi haondoki mpaka mashabiki wake wamuage hadharani. Angeweza kutoroka. Alikataa. "Miaka yote nawafundisha vijana kuondoka kwa heshima," alisema, "leo mimi nipite dirishani?"

Kwa hiyo kuondoka kwake kukawa mikononi mwetu, na mikono yetu wakati huo ilikuwa na kazi ya kuoneshana vidole.

"Hatoki mtu hapa," fundi matairi alisema siku ya kwanza. Yeye ndiye mwenyekiti wa mashabiki, na sauti yake imezoea kushindana na kompresa. "Wakimtaka meneja, wang'oe magoli yao wayalete huku."

"Kwenye besiboli hawafanyi hivyo," mwalimu akasema.

"Ameanza marungu yake," akadakia dereva wa bodaboda, kijana ambaye hajawahi kukubaliana na mtu.

Mwalimu anafundisha hesabu sekondari. Alipokuwa mwanafunzi, mgeni mmoja kutoka Japani aliwafundisha shuleni kwao mchezo ule wa kupiga kampira kwa gongo, na tangu hapo hajapona. Anafuatilia timu za Marekani kwenye simu, anajua nani kahamia wapi, na anatueleza sisi ambao hatujawahi kuuona mchezo wenyewe hata siku moja.

"Sikilizeni," alisema. "Kule timu ikitaka kumchukua mtendaji wa timu nyingine, kuna wakati inatoa fidia. Na fidia yenyewe inaweza kuwa mchezaji."

Kompresa ilizimwa.

"Ngoja, teacher," bodaboda akasema. "Mtu wa ofisini, anakaa kwenye kiti, analipiwa kwa mtu anayekimbia?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi hao marungu wana akili," fundi akasema, na kuanzia hapo akawa shabiki wa besiboli.

Mjadala ulienda wiki kadhaa. Bodaboda alitaka straika wao na beki juu yake. Mwalimu alisema hapo tunakufuru. Bodaboda akamjibu kwamba meneja hajawahi kufunga hata goli moja, kwa hiyo bei yake haiwezi kuzidi mshika bendera. Fundi akamuuliza kama amesahau nani alimtoa yeye polisi. Mwisho tulikubaliana juu ya kipa. Wa kwetu alikuwa amepata kazi ya ulinzi mjini, na wa Kisarawe alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono inayofika kwenye mpira kabla yake mwenyewe. Msimu uliopita alituzuia magoli mpaka bodaboda akahama jukwaa.

Siku moja meneja alipita akitokea sokoni na mfuko wa nyuzi. Akasimama.

"Nimefika wapi leo?"

"Kipa," fundi alisema, kwa aibu kidogo.

"Si haba. Wiki iliyopita nilikuwa nusu ya beki." Akakaa kwenye tairi. "Ila msinichelewesheni sana, ndugu zangu. Juzi baba kamimina chai mezani akidhani ni kikombe. Namwambia baba, chai inamwagika. Ananiambia meza nayo ilikuwa na kiu."

Tulicheka, yeye akacheka zaidi yetu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na hakuna aliyetaja straika tena.

Viongozi wa Kisarawe walikuja, watu wastaarabu, wakakaa kwenye matairi yetu na kunywa soda. Wao hawakuwahi kusikia habari ya besiboli, lakini mwalimu alieleza kwa utulivu na wakaona ina haki ndani yake. Wakakubali kumwachia kipa. Fundi akaongeza sharti: siku kipa atakapotokea mazoezini kwetu, siku hiyo hiyo ndipo meneja ataagwa. Mkono kwa mkono. Tukapeana mikono pale pale, grisi na vumbi, tukaona tumefanya jambo kubwa ambalo hata timu kubwa za Kariakoo hazijalifikiria.

Jumamosi iliyopangwa, meneja alikuja uwanjani na mizigo yake. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa khanga mbili kuukuu, na kichwa chake kilichungulia juu kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Vijana walifanya mazoezi. Goli moja lilikuwa na kipa wa akiba, la pili lilikuwa tupu, linamngoja mgeni. Jua likapanda. Mgeni hakuja.

Bodaboda akapiga simu Kisarawe. Viongozi wakaapa kwamba wao wameshamruhusu. Akampigia kipa mwenyewe, akaweka sauti ya juu, sote tukasikia.

"Kaka, mimi niko tayari," kijana alisema. "Ila mama anasema yeye hajanitoa. Anasema hajaona mtu."

Simu ikakatika. Meneja alikuwa amekalia begi lake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani alikwenda kwa mama yake?"

Bodaboda akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama fundi.

"Tulidhani wewe," fundi akasema. "Si huwa ni wewe?"

"Mwenyekiti, mimi ndiyo bei yenyewe. Umeona wapi bei ikaenda kuposa?"

Nilitazama cherehani ile juani. Wiki zote zile tulimjadili kipa urefu wake, mikono yake, umri wake na thamani yake ukimlinganisha na meneja mwenye uzoefu. Sikumbuki mtu aliyeuliza kama ana mama.

Meneja hakukasirika. Alisimama, akajikung'uta vumbi, akamwambia fundi awashe pikapu. "Njiani tunanunua sukari," alisema. "Na leo hodi unapiga wewe."

Tulikwenda wanne: fundi na meneja mbele, mwalimu na mimi nyuma, pamoja na tairi la akiba. Tulipita njia ya Kiluvya, na kupitia kidirisha kilichovunjika nilimsikia meneja akimpa fundi maelekezo. Usianze na mpira. Salimia, kaa unapooneshwa, subiri uulizwe. Usiseme "tumekubaliana," kwa sababu yeye hajakubaliana na mtu. Fundi aliitikia kila neno, kama mtu anayekariri namba ya simu.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, mafenesi makubwa yakining'inia kwenye shina usawa wa magoti. Mama wa kipa alikuwa barazani anasuka mkeka. Fundi akapiga hodi, tukakaribishwa, akavuta pumzi.

"Mama, huyu kijana wako ana mikono ambayo—"

Meneja akakohoa.

"Shikamoo mama," fundi akasema.

"Marahaba, baba. Sasa tumeanza." Hakuacha kusuka. "Nimesikia mwanangu kabadilishwa na mtu mzima. Nimeisikia sokoni, naambiwa na muuza dagaa, ananipa hongera. Hongera ya nini? Hata mbuzi akibadilishwa, mwenye zizi anaulizwa."

"Ni kweli, mama. Tumekosea."

"Haya. Atalala wapi?"

"Kuna chumba cha timu, mama. Kizuri, kina bati jipya."

"Kina nani ndani?"

"Vijana wenzake."

"Vijana wenzake ndio ninaowaogopa. Atakula kwa nani? Akianguka akaumia, nani atanipigia simu?"

Mwalimu akalitazama fenesi. Hayo yote hayakuwemo kwenye mjadala wetu. Ndipo fundi, kwa moyo mweupe kabisa, akasema, "Atakaa kwangu, mama. Kama mtoto wangu wa kumzaa."

Ukili ukasimama.

"Mkeo amesemaje?"

Fundi akatoa simu. Sijui ni kwa nini aliweka sauti ya juu. Alimweleza mkewe kwa kifupi, na jibu likatoka hadi uani.

"Yaani umepata mtoto Kisarawe, na leo ndiyo unaniambia?"

Mama wa kipa akacheka mpaka akaweka mkeka chini. Meneja akajifunika uso. Simu ikaendelea: "Nani yupo hapo? Huyo mama yupo? Hebu mpe simu. Wewe nyamaza."

Mama akaichukua simu na kuzunguka nayo nyuma ya nyumba. Tulikaa. Tulisikia vipande tu: habari za watoto, habari za mvua, "hali dagaa? basi tutaona," kisha kicheko cha wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana. Fundi alikuwa anasugua grisi iliyokauka kwenye kucha. Meneja alikaa ameshika mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ana hofu. Nyumba ya baba yake haikuwa mbali na pale. Kama simu ile ingekwenda vibaya, angerudi nasi Misugusugu.

Mama akarudi, akampa fundi simu yake.

"Atakuja. Mkeo ni mtu. Lakini Ijumaa moja kila mwezi namtaka hapa, aswali na ndugu zake, ale chakula changu. Hata mkiwa na fainali."

Mwalimu akainua kidole aeleze jinsi fainali zinavyopangwa. Meneja akamkanyaga mguu.

"Tumekubali, mama," fundi akasema.

Mama akamgeukia meneja. "Na wewe mwenzangu, umekaa kimya muda wote. Si wewe ndiye meneja wao?"

"Mimi nimekuwa wa hapa, mama," meneja akasema. "Hawa ni wageni wangu."

Kipa alitokea uani na begi dogo, ambalo lazima lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Tulimuaga meneja pale pale barazani, kwa sababu fundi alisema hadharani ni popote penye watu. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alisema meneja ametuvumilia, na kwamba yeye kama mwenyekiti amemruhusu, na kwamba anaomba asiibadilishe namba yake ya simu. Kesho yake pikapu ilirudi Kisarawe na cherehani. Kipa aliibeba mwenyewe kuipakia.

Nilikwenda kuwaona wasichana wake msimu ulipokaribia. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wamevaa jezi alizozishona kwa vitambaa vilivyobaki vya sare, mikono ya rangi moja na kifua cha nyingine. Mama zao wengine walisimama kwenye mstari, wamekunja mikono, wanakagua. Baba yake alikuwa amewekewa kiti kando ya goli, na kila baada ya muda aliuliza, "Mpira uko kwa nani?" Kipa wa wasichana, bila kugeuka, alikuwa anamjibu, "Kwetu, babu."

Simu ya meneja ikalia. Alisikiliza, akaanza kutabasamu, akaisogeza ili nami nisikie. Alikuwa fundi matairi. Alikuwa huko Dutumi, amesimama nje ya nyumba ya winga mmoja na kilo mbili za sukari mkononi.

"Nimeshanawa mikono," alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu nimemuuliza, amekubali. Mama yake namwona kwa ndani, anapepeta mchele. Sasa?"

"Sasa piga hodi," meneja akasema, na macho yake yakarudi uwanjani.