Kuni Mbichi za Mwalimu Gudveig

Miaka thelathini na minane Mwalimu Gudveig alitufundisha katika shule ya bonde letu, na hadi leo ukikutana naye dukani unajikuta umechomoa mikono mfukoni. Yeye huuliza, sisi hujibu. Ndiyo maana alipoamua, akiwa na miaka sabini na sita, kuachana na hita za umeme na kuweka jiko la kuni la kupashia nyumba joto, hakuomba ushauri kwa mtu yeyote.

Chanzo ni umeme uliokatika Januari ya mwaka jana, siku tatu mfululizo, theluji imeangusha nguzo. Nilimkuta jikoni amevaa koti la marehemu mumewe juu ya koti lake mwenyewe, midomo imepauka, anasahihisha fumbo la maneno gazetini. Nikamvuta kwangu, kwenye moto wa kuni, nusu kwa nguvu. Mwanawe Torleif, anayeishi Oslo, alipopata habari aliogopa, na hofu yake ikageuka amri: nyumba iuzwe, mama ahamie kwenye nyumba za wazee mjini. Walibishana mpaka theluji ikayeyuka. Mwisho wakakubaliana kwamba mama ataweka jiko, na Januari ikirudi Torleif atakuja kulala siku mbili, hita zote zimezimwa. Akisikia baridi, mama anahama.

Jiko lilikuja Agosti, la chuma cheusi, zuri mpaka nikalionea wivu. Mkaguzi wa dohani akalipitisha. Kuni zikaja Septemba, na hapo ndipo ulimi ulipoanza kuniwasha. Kwetu mti hukatwa wakati wa theluji, hupasuliwa kabla ya Pasaka, na hupigwa upepo kiangazi kizima. Kuni zinazokuja Septemba zikiwa mbichi ni za mwaka ujao. Mwalimu alikuwa ameishi kwa umeme miaka arobaini, na kabla ya hapo kuni zilikuwa kazi ya mumewe. Akazipanga ukutani vizuri kama madaftari, kisha akazifunika kwa nailoni kutoka juu mpaka chini, zisipate hata pumzi.

Niliona. Kila mtu aliona. Lakini huku unaweza kumsema mtu kuhusu mume wake, watoto wake, hata mapishi yake. Rundo lake la kuni hulisemi. Ni kama kumchungulia mtu anaoga. Basi tukawa tunapita pale tukitazama mbele, wanafiki wakubwa, na mimi Borgny, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikiwa wa kwanza.

Januari ikafika. Jumatatu, baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, moshi mzito ukatoka kwenye dohani yake ukalala juu ya paa. Jumanne vilevile. Torleif alikuwa anakuja Ijumaa. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, mikono myeusi, macho mekundu kwa moshi. Ndani ya jiko magogo yalikuwa yanatoa povu na kulia kama kikaango. Barafu imeganda dirishani kwa upande wa ndani. Aliniambia jiko ni bovu, atawaandikia barua waliomuuzia.

"Jiko halina kosa, Mwalimu," nikasema. "Kuni zako ni mbichi."

Akafunga mlango wa jiko. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Septemba."

Alinitazama vilevile alivyonitazama darasa la nne aliponikamata nikiigilizia hesabu. Nilijiandaa kwa karipio, na ningelipokea, maana nilistahili. Badala yake akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Akasema kumbe ataondoka kwenye nyumba yake kwa sababu ya unyevu.

Nikamwambia nitamletea kuni zangu. Akakataa, hachukui kisicho chake. Hapo nilipandwa na hasira, nikasahau nazungumza na nani.

"Basi tubadilishane. Zako zitakauka bandani kwangu, nitazichoma majira ya baridi yajayo. Zangu kavu uzichome wewe sasa. Gogo kwa gogo, na uhesabu mwenyewe."

Akajifuta macho, akauliza kama zangu ni za mti wa magome meupe au za msonobari. Nikajua nimeshinda.

Jumatano kutwa nzima tulisukuma kigari cha kuteleza juu ya theluji, kuni kavu zinaenda, mbichi zinarudi. Waliopita safari hii hawakutazama mbele. Wawili walisimama wakaingia kazini bila kuambiwa, aibu usoni. Nilimfundisha Mwalimu kuacha tundu la hewa wazi mpaka moto ushike. Jioni moshi ulikuwa mwembamba, unapanda wima.

Torleif alikuja Ijumaa, akazunguka akigusa kuta kama mnunuzi wa ng'ombe. Jumamosi asubuhi niliwapelekea mkate, kwa kweli nilikwenda kupeleleza. Nikamkuta Torleif, jitu zima, amekaa miguu mitupu, na fulana tu, mashavu mekundu. Mama yake alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Hakuna aliyezungumzia nyumba za wazee.

Torleif akasimama, akavaa buti, akaniomba nimwazime msumeno. Alitaka kuangusha miti mitatu iliyo nyuma ya zizi la mama yake.

"Ukiikata leo haitafaa mpaka majira ya baridi yajayo," Mwalimu akamwambia.

"Najua, Mama," Torleif akasema. "Ndiyo maana nataka kuanza leo."