Kitindamlo Peke Yake

Sukari inapoungua jikoni mwangu pamoja na vanila, narudi utotoni, katika mkahawa mmoja wa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, ubavuni mwa mama aliyejitanda shiromani, shuka yake ya sikukuu.

"Bibi, meza hii ni ya wanaokula mlo kamili," mhudumu alinong'ona, akiwatupia jicho mamluki wawili wa Kizungu, walinzi wa rais, waliokuwa wakiisubiri mlangoni.

"Sisi watu wa mji wa Mutsamudu hatuli wali mbele ya wageni. Tumeshiba kwa dada yangu. Tuletee krimu ya karameli, vijiko viwili."

"Wale wana bunduki, bibi."

"Basi wazikalie."

Mhudumu akaileta. Tulikula polepole, wao wakiwa wamesimama. Kisahani kilipokwisha, nilianza kuteremka kitini. Mama akanishika mkono, akaagiza kingine.